Sura ya Tano: Farasi wa Soweto, Punda wa Soweto

Kuna Soweto mbili katika maisha yangu: moja nimeisoma, nyingine naiishi. Ile ya kusoma iko kusini-magharibi mwa Johannesburg, na jina lake, lililopewa rasmi mwaka 1963, ni vipande vya maneno ya Kiingereza vilivyoungwa kutaja upande huo wa jiji. Ninayoiishi ni kata ya Manispaa ya Moshi, yenye paa za bati, migomba uani na mitaro inayofurika kila masika. Asubuhi mawingu yakifunguka, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana nyuma ya nyaya za umeme.

Kinachoziunganisha kwangu si jina peke yake. Katika Soweto zote mbili bado kuna watu wanaoishi kwa gari la mnyama. Kule Johannesburg, kwa miongo mingi, majiko ya wakazi yaliwaka makaa ya mawe, maana umeme haukuwafikia wengi wao hadi miaka ya 1980. Makaa hayo yaliletwa mlangoni kwa gari la farasi: bodi ya mbao juu ya magurudumu ya mpira, magunia yamepangwa, na kijana ameshika hatamu huku uso wote umekuwa vumbi jeusi. Umeme ulipoingia majumbani, gari halikufa. Lilibadili mzigo. Leo linabeba vyuma chakavu, kifusi na mchanga. Na mapenzi ya farasi katika mitaa ile ni makubwa kiasi kwamba Enos Mafokate, mpanda farasi aliyeruka vizuizi katika mashindano enzi za ubaguzi wa rangi, alianzisha hapo kituo cha kuwafundisha watoto kupanda farasi, mwaka 2007.

Soweto ya Moshi haina farasi. Gari linalopita mtaani kwetu likiwa na madumu ya maji, pumba, mchanga au majani ya ng'ombe linavutwa na punda, mara mmoja, mara wawili. Swali la sura hii ni kwa nini. Kwa muda mrefu niliamini jibu ni umaskini: farasi ni mnyama wa wenye nacho, punda ni wetu. Nilikuwa nimekosea, na kosa hilo ndilo lililonifanya nianze kumtazama punda kwa heshima.

Jibu la kwanza lina mabawa. Usubi ni mdudu ambaye wengi humdhania ni mbu mchanga. Ni mdogo kuliko punje ya mtama, na jioni huruka makundi makundi kandokando ya maji na samadi. Akimuuma farasi anaweza kumwachia virusi vya maradhi ambayo madaktari wa mifugo huyaita tauni ya farasi ya Afrika. Homa inapanda, mapafu yanajaa maji, povu jeupe linatoka puani, na mnyama aliyekuwa anatembea vizuri Jumatatu anazikwa Ijumaa. Katika farasi 10 wasiochanjwa wanaougua, 7 hadi 9 wanaweza kufa. Punda wetu huumwa na usubi huyo huyo, hupata virusi hivyo hivyo, na huendelea kutafuna majani yake. Pundamilia naye vivyo hivyo. Wao wamekuwa na maradhi hayo kwa vizazi visivyohesabika. Farasi ni mgeni aliyekuja Afrika kutoka nyika za Asia, na mwili wake haujui vita hivyo.

Sasa tazama Johannesburg. Iko juu, na Juni na Julai huko ni miezi ya sakitu, ile barafu nyembamba inayong'arisha nyasi asubuhi. Sakitu inaua usubi. Kila mwaka farasi wa kule anapata miezi ya kupumua, na akichanjwa anaweza kuvuka kiangazi chenye mvua. Mji wa Moshi hauna sakitu. Uko kati ya mita 700 na 950 hivi juu ya usawa wa bahari, una joto, na umezungukwa na maji yanayoshuka mlimani kwa mito na mifereji. Kwa mkulima hiyo ni neema. Kwa farasi ni hatari isiyo na likizo. Ukishuka tambarare kuelekea porini unaongeza mbung'o na ugonjwa wake wa nagana, ambao haumwachi farasi wala ng'ombe.

Hesabu hii iliwahi kufanywa hapa kwetu kwa gharama ya kutisha. Machi 1916 majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliingia Moshi yakiwasukuma Wajerumani. Mwezi uliofuata, kikosi cha wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer kilitoka Arusha kuelekea Kondoa Irangi, katikati ya masika. Wanyama wale walikuwa wamezoea nyanda kavu na zenye baridi za kwao. Katika vita ile farasi, nyumbu na punda walikufa kwa maelfu, kwa mbung'o, kwa tauni, kwa matope na kwa njaa. Mnyama alipokosekana, mzigo ulihamia kichwani mwa mtu. Waafrika walichukuliwa kwa mamia ya maelfu kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, wengi wao kwa nguvu, na waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000. Jina la kikosi chao, likitamkwa kwa ulimi wetu, ndilo lililobaki Dar es Salaam kama Kariakoo. Kila ninaposhuka kwenye basi pale, nakumbuka kwamba soko lile limebeba jina la watu waliofanywa kuwa gari.

Wajerumani kabla yao walikuwa wameliona tatizo na wakabuni dawa ya ajabu. Kuelekea mwaka 1900, katika mbuga za chini ya Kilimanjaro, ofisa mmoja, Fritz Bronsart von Schellendorff, alikuwa akikamata pundamilia kwa makundi ili awafundishe kazi. Hoja yake ilikuwa na akili: mnyama huyu anafanana na farasi na hafi kwa maradhi ya hapa, basi tumfunge hatamu. Baadhi walifungwa magari kweli. London nako, katika miaka ya 1890, tajiri Walter Rothschild aliendesha gari lililovutwa na pundamilia, na Nairobi ya mwanzo ilimwona daktari Mgoa, Rosendo Ribeiro, akienda kwa wagonjwa juu ya mgongo wa pundamilia. Lakini pundamilia hakukubali. Anauma bila kuachia, anapiga teke kwa shabaha, na akishtuka anakimbia na gari zima. Makaburu waliohamia upande wa Meru baada ya vita vyao na Waingereza kwisha mwaka 1902 hawakuhangaika na majaribio hayo. Walikuja na magari mazito yanayovutwa na ng'ombe, jozi nyuma ya jozi, hata 16 kwa gari moja.

Kumbe dawa ilikuwa mlangoni. Punda ni Mwafrika wa upande wetu huu wa bara. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote wa kufugwa duniani wanatokana na tukio moja la kufugwa, hapa Afrika, miaka kama 7,000 iliyopita, na dalili zinaelekeza upande wa Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki. Alianza kazi kabla farasi hajafugwa. Nikimwona amesimama kwenye kivuli cha mwarobaini mtaani kwetu, masikio yamelala, sioni tena mnyama wa kuazima hadhi kwa farasi.

Wala si kwamba Afrika Mashariki nzima haina gari la farasi. Nenda Ethiopia, katika miji kama Bishoftu au Hawassa, utakuta kigari cha magurudumu mawili na farasi mmoja, abiria wamekaa mgongo kwa mgongo, kikifanya kazi ambayo kwetu inafanywa na bodaboda. Wanakiita "gari". Ni neno lile lile tulilolipata sisi kutoka Bara Hindi, na kwao limebaki kwa kile cha farasi wakati kwetu limehamia kwenye injini. Nyanda zao za juu zina baridi, na farasi wanaishi humo kwa mamilioni. Hata hivyo nchi hiyo hiyo ndiyo yenye punda wengi kuliko nchi yoyote duniani.

Kuna swali la pili: kwa nini hata gari la punda halipandi juu? Jibu lake ni mlima wenyewe, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo.

Punda wetu ana uzito wa kilo 130 hivi. Wataalamu wa wanyamakazi hukadiria kwamba anaweza kuvuta mfululizo kwa nguvu inayokaribia sehemu ya saba ya uzito wake. Tuseme kilo 18 hadi 20. Mpakie gari madumu 20 ya maji, yaani kilo 400, na gari lenyewe lina kilo 100. Jumla 500. Kwenye lami tambarare, magurudumu yakiwa na upepo na beringi zikiwa na grisi, gari hilo linahitaji mvuto wa kilo 10 tu. Punda mmoja analiweza huku akisinzia. Litoe kwenye lami uliweke kwenye changarawe, mahitaji yanafika kilo 25, na tayari punda mmoja anaonewa. Kwenye mchanga au tope, 50 na zaidi. Halafu uelekeze barabara juu. Kila unapopanda mita 1 katika mwendo wa mita 10, unaongeza mvuto wa kilo 50 juu ya ule wa mwanzo. Hapo hakuna fimbo itakayosaidia. Barabara zinazotoka Moshi kwenda Uru, Kibosho na Marangu zina vipande vya mwinuko kama huo na zaidi, na njia za ndani ya vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachagga, ni mbaya kuliko hizo: nyembamba, zinazokatizwa na mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia, zenye ngazi za mizizi.

Ndiyo maana Kilimanjaro, pamoja na utajiri wake wote wa kahawa, haikujenga utamaduni wa gari la mnyama kule juu. Wakulima waliungana mwaka 1925 katika chama chao cha kwanza, na kufikia 1933 walikuwa na KNCU, mojawapo ya vyama vikuu vya ushirika vya Waafrika. Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi tangu 1911. Kati ya kihamba na ghala la chama, hata hivyo, kahawa ilisafiri kichwani, na mara nyingine mgongoni mwa punda aliyefungwa shogi. Gari lilibaki kuwa mali ya tambarare: Kahe, Mabogini, Chekereni, na mitaa ya mji iliyo bapa.

Kwenye mteremko kuna chombo kingine kinachomfaa binadamu kuliko gurudumu, nacho ni kile kisicho na gurudumu kabisa. Watu wa nchi za theluji wanacho: gari la kuteleza lenye nyayo mbili ndefu mahali pa magurudumu, na farasi watatu wa Urusi wamelifanya kuwa maarufu. Huko theluji iliyoshindiliwa inalainisha njia hata mvuto unakuwa mdogo. Lakini chombo hiki si cha theluji peke yake. Kusini mwa Afrika, kuanzia Zambia na Zimbabwe hadi Lesotho, wakulima walikata mti wenye panda, wakaufunga nyuma ya ng'ombe na kuburuta mahindi juu ya udongo mkavu. Ni kazi nzito kwa ng'ombe, ila ina fadhila moja: ukishuka kilima, chombo hakimkimbilii mnyama kumvunja miguu. Serikali za kikoloni ziliupiga vita mti huo kwa kuwa unachimba makorongo, na kweli unachimba. Katika kisiwa cha Madeira, juu ya mji wa Funchal, watu walitengeneza vikapu vya kukalia juu ya nyayo za mbao na kuteremka navyo barabarani, wanaume wawili wakiongoza kwa kamba. Mpaka leo wageni hulipa kuvipanda.

Kiswahili kinaikumbuka hatua hiyo. Mkokoteni, neno letu la kigari chenye magurudumu, limetoka kwenye kukokota, yaani kuvuta kitu kikisugua ardhi. Gurudumu lilikuja, jina likabaki na kumbukumbu ya vumbi. Wasukuma na wengine wa kanda ya ziwa wana neno lao jipya zaidi, tela, na wanapolitaja huwa wanaona maksai wawili na pamba.

Fundi wa mkokoteni mjini kwetu haanzi na mbao. Anaanza na ekseli. Anaitafuta kwenye vyuma chakavu, ya gari dogo lililokufa, anapima kama imepinda, anabadili beringi, ndipo anachomelea fremu na kupigilia mbao za mgrevilea. Wepesi ndio kila kitu, maana kila kilo ya chuma isiyo ya lazima ni kilo ya maji ambayo mwenye gari hatauza. Nilimwona mmoja akimaliza kazi: alinyanyua mikono miwili ya gari kwa mkono mmoja, akiwa amelipakia matofali. Ikiwa nzito mkononi, mzigo utamkandamiza punda mgongoni. Ikitaka kuruka juu, mzigo utamnyanyua punda kwa mkanda wa tumbo. Alisogeza ekseli upana wa vidole vitatu, akanyanyua tena, akaridhika. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoanzishwa Arusha mwaka 1981, kimefanya kazi ya zana za wanyamakazi kwa michoro na vipimo. Huyu alikuwa na mkono wake.

Ninachokililia mimi si gari. Ni mikanda ya mnyama anayelivuta. Ng'ombe wetu ana nundu, na nira ya mbao inakaa mbele ya nundu kama inavyokaa ngazi kwenye ukuta, anasukuma, inashika. Punda hana nundu. Shingo yake imekaa chini, ngozi ni nyembamba juu ya mfupa, na ukimvika nira ya ng'ombe inamsugua palepale kila hatua. Siku ya tatu manyoya yametoka. Wiki ya pili kuna kidonda na nzi. Nimeona vidonda hivyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na kila mara dawa yake ilikuwa karibu: mkanda mpana wa kifuani, uliokaa chini ya koo na juu ya kiungo cha bega, uliotengenezwa hata kwa mkanda wa kiti cha gari bovu na kushonewa gunia ndani. Ongeza kitandiko kidogo mgongoni cha kubeba mikono ya gari, na mkanda wa nyuma unaopita matakoni ili punda aweze kulizuia gari likiteremka. Vitu hivi ni vya bei ndogo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, lakini sheria haijui kushona mkanda, na mafunzo ya kushona yanawafikia wachache mno.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu anajua. Nilimkuta asubuhi moja ya Aprili, gari lake likiwa nusu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Leo madumu kumi na manne tu?"

"Barabara imelowa," alisema, akaendelea kukaza mkanda.

Hesabu yangu yote ya ukurasa uliopita ilikuwa ndani ya maneno yale mawili.

Punda wa namna hii wamekuwa hatarini kwa sababu isiyohusiana na kazi yao. Ngozi ya punda ikichemshwa hutoa gundi inayotumika China katika dawa na vipodozi, na mahitaji yake yakawa makubwa kuliko punda wa China. Machinjio yalifunguliwa Afrika, Dodoma na Shinyanga yakiwemo, na wizi wa punda ukafuata. Punda jike hubeba mimba miezi 12 au zaidi na kuzaa mtoto mmoja. Hakuna kundi linaloweza kukimbizana na kiwanda. Kenya ilizuia uchinjaji huo mwaka 2020, Tanzania Desemba 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuuzuia katika bara zima. Nilifurahi siku hiyo, furaha ya kweli. Mtu aliyeibiwa punda usiku huamka hana gari, hana maji ya kuuza na hana ada ya mtoto.

Juu ya vihamba, juu ya msitu, gurudumu linatoweka kabisa. Wagumu, kama tunavyowaita wapagazi wa mlima hapa Moshi, hubeba mizigo ya wageni kichwani na mabegani, kila mmoja kwa kikomo cha kilo 20, na wanapanda mahali ambapo punda hapelekwi. Kuna gari moja tu la kukutana nalo njiani huko: machela ya chuma yenye gurudumu moja katikati, inayotumiwa na waokoaji wa hifadhi. Mgonjwa wa kimo cha mlima hufungwa humo, watu wanashika pembe, na gurudumu lile moja linaruka juu ya mawe huku wao wakikimbia kuteremka, kwa sababu kila mita mia wanazoshuka zinamrudishia mgonjwa pumzi. Sijui gari jepesi kuliko hilo, wala linalovutwa kwa moyo zaidi.

Juzi nilimfuata yule mzee hadi anapoishia, pale barabara inapoanza kuinuka. Gari lilikuwa limejaa majani ya ng'ombe kutoka tambarare, na kina mama watatu walikuwa wakimngoja, kila mmoja na kamba yake. Mzee hakupokea hela kwanza. Alilegeza mkanda wa kifuani, akautoa, akamwacha punda ajitikise kuanzia masikio hadi mkiani. Kina mama wakafunga mizigo yao, wakaweka ngata kichwani, wakasaidiana kutwishana, wakaanza kupanda.